Bwawa la Mugeta na Vifaranga Waliozidi

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo, wavu mmoja wa kokoro wenye viraka, na mizani ya kuning'iniza ambayo haijawahi kusema kweli tangu niijue. Vijana wa ofisini mkanishika mkono mkasema, mzee, andika kitu kabla hujasahau. Sijasahau. Ila sitawaandikia nilipanda cheo lini wala nilihamishwa mara ngapi. Hayo yamo kwenye faili, na faili lina kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Nitawaandikia juu ya maswali mawili ambayo bwana samaki wa mabwawa huulizwa mpaka siku anaingia kaburini: niweke wangapi, na niwape nini. Majibu yake niliyajua tangu wiki ya kwanza ya kazi. Kuyaelewa kulichukua muda zaidi, na aliyeumia kwa ajili hiyo hakuwa mimi.

Mimi ni mtoto wa Kigera, kando ya ziwa. Kwetu samaki hafugwi, anafuatwa. Nilipomwambia baba kwamba serikali imeniajiri nikafundishe watu kulisha samaki, aliacha kushona wavu wake akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa.

"Samaki analishwa?"

"Ndiyo, baba. Kwenye mabwawa."

"Na hili ziwa lote linalishwaga na nani?"

Niliripoti kazini Musoma na swali hilo kichwani.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Mafuru, fundi wetu wa mabwawa. Alikuwa mfupi, kaptula ya kaki, kucha zimeingia tope lisilotoka. Hakuwa na cheti hata kimoja, ila mabwana samaki wenye vyeti walikuwa wakimsubiri atoe neno ndipo na wao waseme. Siku ile ile alinipakia kwenye landrova ya ofisi, iliyokuwa inawaka ikijisikia, tukaenda Butiama kwenye mabwawa madogo tulikokuzia vifaranga wa sato wa kugawa vijijini. Sikuwa nimekaa hata dakika tano pale ukingoni.

"Vua saa," akasema.

Nikavua.

"Zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Vidole unaviona?"

"Sivioni."

"Maji yana rangi gani?"

"Kijani."

"Basi leo usiwape kitu. Wanakula hicho hicho kijani."

Akanieleza kwamba ukizamisha mkono mpaka kiwiko na bado unaona kucha zako, maji yana njaa, tia samadi. Ukipoteza vidole maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, maji yamevimbiwa, acha kila kitu. Baadaye katika kazi yangu nilipewa vyombo vya kupimia vilivyotoka mbali, vyenye vitabu vya maelekezo. Vyote viliharibika vikakosa vipuri. Mkono ninao mpaka leo.

Kuhusu idadi, alinifundishia zizini. Tulikuwa tunarudi kwenye gari, tukapita boma la mtu mmoja, akasimama.

"Ng'ombe wakizidi zizini, wanakosa nini kwanza?"

"Majani."

"Tangu lini zizi likaota majani, kijana? Wanakosa nafasi. Wanakosa pumzi. Na samaki ni hivyo hivyo. Chakula utamletea. Pumzi utaibeba kwa debe gani?"

Kanuni yake ilikuwa fupi. Pima eneo la bwawa kwa hatua zako. Kila mraba wa hatua moja kwa hatua moja, vifaranga wawili. Ukizidisha, alisema, sato ataacha kukua ataanza kuzaa, na utavua wazee wenye umbo la watoto. Na chakula kipewe mahali pamoja, saa ile ile, juu ya sinia: fremu ya fito iliyoshonewa gunia chini, inazamishwa kwa kamba. Baada ya muda wa kunywa chai unaliinua. Likiwa tupu, kesho ongeza kidogo. Likiwa na mabaki, kesho punguza. "Sinia halina aibu," alikuwa akisema. "Litakwambia ukweli ambao samaki hawezi."

Nikapangiwa upande wa Bunda. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na kila kijiji kilitaka kuwa na kitu cha kuonyesha: wengine shamba la pamba la pamoja, wengine duka. Mugeta wakachagua bwawa la samaki. Huko ni kwa wafugaji na wakulima wa pamba. Samaki waliyemjua ni mkavu, amefika kwa gunia. Mimi mtoto wa ziwani nilitumwa kuwafundisha wachunga ng'ombe kuchunga samaki, na hata mimi jambo hilo lilinichekesha.

Lakini walichimba! Sijaona tena watu wakichimba vile. Majembe, sululu, makarai ya tope yanapita mkono kwa mkono, wanaume wakiimba, wanawake wakishindilia tuta kwa miguu mpaka linang'aa. Bwawa lilikuwa na upana wa hatua ishirini na urefu wa thelathini. Lilikaa bondeni, mahali penye chemchemi, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa sababu chemchemi ile ilikuwa ya Mzee Wambura.

Sisemi ilikuwa yake kwa hati. Ila baba yake alinyweshea pale, na babu yake. Mzee Wambura alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mara moja tu. "Maji mtayafunga," alisema, "na ng'ombe wangu watakunywa nini? Watakunywa mkutano?" Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji akamwahidi mfereji wa kutolea maji chini ya bwawa, na mfereji ukachimbwa kweli, ng'ombe wakanywea hapo. Lakini kuna neno moja alilolisema akiketi, na wengi walilisikia: "Hilo bwawa halitadumu." Neno hilo lilikuja kumtafuta.

Kulisha tulimkabidhi Mama Nyangeta, mjane aliyeongoza kina mama wa kijiji. Huyu alikuwa na akili ya chakula. Mimi nilileta pumba za mahindi na mashudu ya pamba kutoka kinu cha Bunda. Yeye akaongeza mchwa wa kwenye vichuguu, majani ya magimbi aliyoyakatakata, na machicha ya pombe.

"Bwana Samaki," akaniuliza siku moja, "hawa hawatalewa?"

"Machicha hayana kilevi kingi, mama."

"Basi watafanana na mume wangu marehemu. Alikuwaga anasema hivyo hivyo."

Siku ya kupandikiza vifaranga ndiyo siku niliyofanya kosa, na nataka mlijue vizuri kwa sababu halikuonekana kama kosa. Lori lilitoka Butiama limebeba madebe ya vijiji viwili. Chini ya nusu yalikuwa ya Mugeta, na yaliyobaki, zaidi ya nusu, ya kijiji cha jirani kilichokuwa na bwawa kubwa kuliko letu. Dereva akaleta habari kwamba tuta la jirani limebomoka alfajiri, hakuna maji. Vifaranga wamekaa kwenye madebe tangu asubuhi, jua linawaka, wameanza kuja juu kuhema. Kuwarudisha Butiama ni kuwaua.

Mwenyekiti aliangalia madebe, akaangalia bwawa. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. "Mwaga wote humu, ndugu. Maji si yapo?"

"Ndugu Mwenyekiti, watazidi. Mara mbili na zaidi."

"Wakizidi si heri? Kuna mtu amewahi kulia kwa sababu ng'ombe wamezidi?"

Nilijiambia ni kwa wiki mbili tu, mpaka jirani atengeneze tuta lake. Nikawamwaga wote. Jirani alitengeneza tuta baada ya miezi minne, na mimi kufikia hapo nilikuwa nimeshazoea kusifiwa. Kila aliyerusha kiganja cha pumba aliona maji yanachemka kwa samaki, akapiga makofi. Ni vigumu sana kupunguza kitu kinachopigiwa makofi. Mzee Mafuru aliponiandikia kuniuliza Mugeta tumeweka wangapi, nilimjibu kwamba wanaendelea vizuri.

Kisha ikaja taarifa kwamba mgeni mkubwa kutoka mkoani atapita kuona bwawa. Nilikagua samaki kwa mizani yangu na hata ile mizani, yenye tabia ya kupendelea, ilikataa: walikuwa wembamba kama vidole. Nikamwambia Mama Nyangeta aongeze mashudu mara mbili, na samadi pia.

"Sinia linarudi na chakula, mwanangu," akaniambia.

"Ongeza tu, mama. Wataonekana wamenenepa."

Alinitazama, akaongeza. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma.

Zikafuata siku tatu za mawingu mazito bila upepo. Asubuhi ya nne, kabla jua halijatoka, kwenye chumba nilichopewa pale kijijini, niliamshwa na kelele za wanawake. Nilipofika tutani niliona bwawa limekuwa jeupe. Mamia ya samaki wameelea ubavu, midomo imeachama. Waliobaki hai wamejipanga juu ya maji, vinywa nje, wanavuta hewa kwa sauti ndogo ya kunyonya ambayo nikiwa peke yangu bado naisikia. Mama Nyangeta alikuwa tayari ndani ya maji mpaka kiunoni, anachota kwa kibuyu na kumwaga kutoka juu ili maji yapate hewa, bila mtu kumfundisha. Tuliingia wote. Tukafungua maji ya chemchemi kwa nguvu zote, tukachota na kurusha, ndoo, sufuria, mikono, mpaka jua likapanda na wale waliosalia wakashuka chini. Zaidi ya nusu walikufa.

Nilijua. Nilizamisha mkono na sikuona hata kiganja. Nilijua pale pale kilichotokea, sawasawa na mtu anavyojua jina lake.

Lakini kabla sijafungua mdomo mtu mmoja akasema, "Wambura alisema halitadumu." Mwingine akasema alimwona jana jioni karibu na maji. Mwingine akakumbuka kwamba mzee ana dawa ya kuogeshea ng'ombe nyumbani kwake. Siku zile neno hujuma lilikuwa zito, hasa mgeni akiwa anatarajiwa. Saa tatu asubuhi mgambo walikuwa wameshamleta Mzee Wambura na kumfungia kwenye stoo ya pamba ya kijiji, asubiri kupelekwa Bunda.

Alikaa humo siku mbili. Mke wake alimletea uji. Stoo ile ilikuwa njiani kati ya chumba changu na bwawa, nikapita hapo mara nne kwa siku. Alikaa kwenye gunia karibu na mlango wenye nyufa, na mimi nilimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikaendelea na safari yangu. Hilo ndilo ninaloona haya kuliko samaki. Nilijiambia nangoja taarifa ya kitaalamu.

Habari zilimfikia Mzee Mafuru, akaja siku ya tatu asubuhi kwa basi na baiskeli ya kuazima. Alizunguka tuta, akazamisha mkono, akaunusa. Akainua sinia, lilikuwa na mashudu yaliyooza. Kisha akachutama kwenye majani ya ukingoni akanyanyua chura, mzima wa afya, anarusha miguu.

"Hapa hapana sumu," akasema. "Sumu ingemwanza huyu. Na ng'ombe wanaokunywa mferejini?"

"Wazima."

"Uliweka vifaranga wangapi?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka ile idadi kwa sauti. Aliendelea kumshika yule chura kama aliyesahau kumwachia.

"Na nani amefungwa?"

"Mzee Wambura."

"Unakunywaga chai saa ngapi?" akaniuliza.

Sikuelewa. "Saa moja, mzee."

"Leo na jana ulikunywa, yeye akiwa ndani?"

"Nilikunywa."

Akamwachia chura majini. "Mimi sitasema kwenye mkutano," akasema. "Mimi si bwana samaki wa Mugeta."

Mkutano uliitishwa saa nane, nje ya ofisi ya kijiji. Mzee Wambura aliletwa akasimamishwa mbele, mgambo kila upande. Mwenyekiti alianza kusoma makosa. Nikasimama kabla hajamaliza. Nilikuwa nimebeba ndoo yenye maji ya bwawa na vyura watatu, jambo ambalo halimsaidii mtu kuonekana mwenye heshima.

Niliwaonyesha vyura. Niliwaambia habari ya ng'ombe wa mferejini. Nikawaambia kwamba samaki wanahema kama sisi, na kwamba maji yale yalikuwa na hewa ya kuwatosha nusu yao. Kwamba chakula nilichoongeza kilioza na kula hewa iliyobaki, na mawingu yakamaliza kazi. "Mzee Wambura hakutia kitu," nikasema. "Aliyewaua samaki ni mimi. Niliwaweka wengi kuliko kanuni, na nikawalisha wasichoweza kula ili mgeni awaone wamenenepa. Na nilijua tangu asubuhi ile."

"Tangu asubuhi ile?" Aliyeuliza ni mke wa Mzee Wambura, kutoka nyuma.

"Ndiyo, mama."

Kelele zilizofuata siziandiki. Kuna mzee mmoja alitaka nifungwe mimi kwenye stoo ile ile, na kusema kweli sikuona kasoro katika hoja yake. Aliyewanyamazisha ni Mwenyekiti. Alikunja karatasi yake mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti.

"Aliniambia watazidi," akasema. "Siku ya lori aliniambia, na mimi nikamwambia amwage. Mwachieni mzee aende kwake."

Mzee Wambura aliondoka bila kumtazama mtu. Alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa.

Mgeni wa mkoani alikuja kama alivyopanga, akaona bwawa lenye maji mabaya na watu wanaochota matope. Barua niliyoandikiwa baadaye ipo kwenye lile faili. Anayetaka aisome, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri. Walitaka kunihamisha. Mama Nyangeta alikwenda mwenyewe Bunda na kina mama wanne, akawaambia wakubwa kwamba kijiji kimeshagharimika kunifundisha, wakipewa mwingine wataanza upya. Nikabaki.

Tulianza tena. Safari hii tulitoa maji yote, tukaanika udongo mpaka ukapasuka, tukatia samadi kwenye kona moja iliyozungushiwa fito. Waliosalia tuliwapeleka wengi kijiji cha jirani. Nilipima kwa hatua zangu mbele ya kila mtu, na Mama Nyangeta akahesabu vifaranga kwa kikombe, mmoja mmoja. Watu waliangalia bwawa wakaona kama tupu. Hakuna aliyepiga makofi kwa miezi sita. Lakini sinia lilikuwa linarudi jeupe, na siku tuliyoburuta kokoro, sato waliotoka walikuwa wa kujaza sahani, wanarukaruka kwenye majani, na wanaume waliokuwa wamesema samaki si chakula cha mwenye ng'ombe wakapanga foleni na vikapu. Siku ile nilimtumia baba sato mmoja, amekaushwa vizuri. Nilisikia alimla kimya kimya, akasema ana ladha ya mahindi.

Mzee Wambura hakuja siku ya mavuno. Kwa zaidi ya mwaka hakunisemesha kitu nje ya "marahaba." Nilikwenda kwake mara mbili kuomba radhi, mara zote nikaambiwa yuko machungani, nami nikiona fimbo yake imeegemezwa ukutani.

Kisha asubuhi moja nilimkuta amesimama nje ya chumba changu. Ameshika kamba.

"Nipimie na mimi," akasema. "Nyuma ya zizi langu pana maji."

Tukaenda. Nilipima kwa hatua, yeye akinifuata na kigingi. Nilipomaliza nikamwambia idadi yake, wawili kwa kila mraba.

"Nitaweka mmoja," akasema.

"Mzee, wawili wanatosha. Hiyo ndiyo kanuni."

"Nimekaa ndani ya kile chumba cha pamba, magunia mpaka kwenye dari. Najua kukosa hewa kukoje. Nitaweka mmoja."

Sikubishana. Tulikaa kwenye jiwe kungoja mke wake alete maziwa, na hapo nikamwomba radhi, vibaya, maneno yakigongana. Alisikiliza mpaka mwisho akiwaangalia ng'ombe wake.

"Siku zile mbili," akasema, "nilikuwa nahesabu watu wanaopita. Kila mtu alikuwa anapita. Wewe ulipita mara nyingi kuliko wote." Akapokea kibuyu kwa mke wake, akanywa kidogo, akanipa. "Lakini kati ya wote waliopita, aliyerudi ni wewe. Kunywa."

Nikanywa. Tulichimba bwawa lake mwezi uliofuata. Akaweka mmoja kwa kila mraba, kama alivyosema, na katika miaka yangu yote ya kazi, Musoma, Bunda hata Butiama, sijavua tena sato wakubwa kama wale.